Naomba ushauri: tununue kiwanja wapi, Dar es Salaam ikizidi kutanuka?

Ndugu zangu, mimi na mke wangu tumepanga Tabata kwa miaka tisa, na sasa tumejaliwa akiba ya kununua kiwanja, lakini kila tunakokwenda kutafuta tunakuta jiji limeshatutangulia. Sensa ya 1967 ilihesabu Dar es Salaam watu 272,821. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728, na wengi wetu tumejenga kwanza, huku barabara na mitaro ikifuata baadaye au isifuate kabisa.

Tumebaki na viwanja viwili. Cha Chanika hakijapimwa, na kinauzwa kwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Nilipokwenda kukiona baada ya mvua, nilikuta korongo limekula udongo hadi chini ya ukuta wa jirani, msingi wake ukiwa wazi kabisa. Cha Kibaha, nje ya jiji katika mkoa jirani wa Pwani, kimepimwa na kina hati, ila mke wangu, anayeuza vitenge Kariakoo, atalazimika kutoka nyumbani saa kumi alfajiri na kurudi watoto wakiwa wamelala, jambo ambalo linaniumiza sana.

Naomba hasa mliojenga pembezoni mnieleze: je, urasimishaji wa makazi, yaani kupimiwa na kumilikishwa maeneo yaliyojengwa bila mpango, uliwafikia, na ulichukua muda gani hadi mkapata hati? Korongo kama hilo la Chanika linazuilika kwa gharama ya mtu wa kipato cha kawaida? Na mnaosafiri kila siku kutoka Kibaha, familia zenu zinamudu vipi?