Shule zimefungwa hadi Januari: je, niuze mashine ya Riso au niitafutie kazi nyingine?

Mama Riso, Nakuru – 11 Julai 2020

Wapiga chapa wenzangu, hamjambo. Nina duka la mlango mmoja mjini Nakuru, lenye mashine moja ya Riso (ile ya kuchapa nakala nyingi kwa haraka), fotokopi mbili, printa ya rangi, mashine ya laminesheni na ile ya kutoboa na kufunga vitabu kwa ringi. Kwa miaka tisa duka hili limelishwa na mitihani. Shule za Njoro, Bahati na Rongai zilikuwa zikileta mitihani ya katikati na ya mwisho wa muhula, na wiki hizo nilikuwa nikifunga mlango usiku huku Riso ikiwa bado moto. Riziki nyingine ilitoka kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton waliokuja kufungisha tasnifu zao, na kwa ratiba za mazishi zilizokuwa zikitukuta kila Alhamisi na Ijumaa.

Tangu shule zifungwe katikati ya Machi kwa sababu ya korona nimekuwa nikijiambia kwamba ni muhula mmoja tu utakaopotea. Jumanne iliyopita Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, ametangaza kwamba shule za msingi na za sekondari zitafunguliwa Januari 2021, na kwamba mwaka huu hakutakuwa na KCPE wala KCSE, yaani mitihani ya kumaliza msingi na sekondari. Mazishi nayo yalikuwa yamebanwa hadi watu 15, na anayezika mbele ya watu kumi na watano haagizi ratiba mia mbili. Kati ya vijana wangu watatu, wawili nimewapumzisha.

Amekuja mnunuzi kuitazama Riso, na bei anayoitaja ni ya kunionea, ila fedha hizo nikiziongezea kidogo zinatosha kununua mashine ya kukata vinaili (plastiki nyembamba ya stika), nami naitamani kwa sababu naona kila duka na kila benki imebandika stika sakafuni za kuwaonyesha watu pa kusimama. Nina maswali mawili. Je, niuze? Na je, ninyi mnawapokeaje wateja, ikiwa wateja wetu wamezoea kuingia hadi nyuma ya kaunta na kukusimamia begani unaporekebisha herufi?

Kijana wa River Road, Nairobi

Dada yangu, usiuze. Hiyo mashine ya kukata vinaili unayoitamani mimi niliinunua Aprili kwa mkopo, na kwa wiki tano nilijiona mwerevu kuliko mtaa mzima. Zilikuja oda za maduka, za ofisi, na za matatu zile za abiria 14 ambazo sasa zinaruhusiwa kubeba 8, kwa hiyo kila kiti kisichokaliwa kilitakiwa kuwa na alama. Kufikia Juni nyumba yetu nzima, kuanzia ghorofa ya chini hadi paa, ilikuwa inakata vinaili, na bei ikashuka hadi ikawa unalipwa gharama ya malighafi na nauli ya kwenda kubandika. Isitoshe, stika ya sakafuni hununuliwa mara moja. Zangu za kwanza zilirudi kama malalamiko, kwa sababu sikuzipiga laminesheni na wenye maduka walikuwa wakipiga deki kwa dawa ya jiki asubuhi na jioni. Zile za matatu zilikataa kabisa kushika kwenye vitambaa vya viti, nikarudisha fedha za watu.

Kilichoniokoa ni kitu ambacho kinaisha. Ofisi, mikahawa na majengo mengi sasa yanamwandikisha kila anayeingia: jina, nambari ya simu, saa aliyofika na joto la mwili. Mlinzi aliyekuwa akipiga mistari kwa rula katika daftari la kawaida sasa anajaza kurasa tatu kwa siku, na kitabu kikijaa, mwenye jengo hana budi kuagiza kingine. Hiyo ni kazi ya Riso kwa asilimia mia: rangi moja, mistari na vichwa vya safu, karatasi ya kawaida isiyo na mng'aro, nakala nyingi kwa masta moja, yaani kiolezo ambacho mashine hukitengeneza mara moja na kuchapia nakala zote. Kazi ambayo Riso haiwezi, yaani karatasi ya kung'aa na stika, ndiyo hiyo ambayo kila mtu anaigombania. Tangu Rais atangaze wiki hii kwamba nyumba za ibada zinaweza kufunguliwa kwa waumini wasiozidi 100, makanisa mawili yameshaniuliza orodha za mahudhurio. Nakuru ina makanisa mangapi?

Kuhusu kuwapokea wateja, nimeweka meza mlangoni na hakuna anayeivuka. Kazi zote huja kwa WhatsApp, na flashi sizipokei tena, kwa kuwa hata kabla ya ugonjwa huu zilikuwa zikituletea virusi vya aina nyingine. Malipo ni kwa M-Pesa kabla ya kuchapa, na tangu Machi hakuna tozo kwa fedha zisizozidi shilingi 1,000, kwa hiyo mteja mdogo hana kisingizio. Jambo moja tu la kuangalia: mwambie mteja atume nembo yake kama faili, asitume kama picha, kwa sababu WhatsApp huibana picha na nembo hutoka kama imechorwa kwa makaa. Halafu usikubali neno "sawa" la mtu mmoja. Mwezi wa Mei nilichapa ratiba ya mazishi ambayo mwaka wa kuzaliwa wa marehemu ulimfanya awe mdogo kuliko mwanawe wa kwanza. Aliyeidhinisha alikuwa mpwa aliyeangalia kwenye simu akiwa safarini. Nilichapa upya kwa gharama yangu. Siku hizi naomba watu wawili wa familia waidhinishe, na mmoja wao awe mtu mzima.

Fundi Ofseti, Dar es Salaam

Nawapa pole wenzetu wa Kenya. Huku kwetu shule zilifungwa Machi 17, kidato cha sita wakarudi Juni 1, na wengine wote Juni 29, nami nataka dada wa Nakuru ajue jinsi kazi ilivyorudi: haikurudi polepole, ilirudi wiki moja. Walimu wakuu waliokuwa hawapokei simu tangu Machi walisimama mlangoni pamoja, kila mmoja akitaka mitihani ya majaribio kesho yake. Jirani yangu aliyeuza mashine yake Mei alikuwa akileta kazi kwangu na kunigawia faida. Sasa tunangoja kazi za uchaguzi mkuu wa Oktoba, ingawa kazi hizo mimi hupokea fedha yote mkononi kwanza, maana mgombea akianguka na deni lako huanguka naye.

Nizungumzie mikono, jambo ambalo watu hulisahau. Sisi wa ofseti, tunaochapa kwa mabamba yanayoloweshwa maji, huchanganya alkoholi ya isopropili kwenye maji ya mashine, na Machi alkoholi hiyo ilipanda bei ghafla kwa sababu dunia nzima ilikuwa inatengeneza vitakasa mikono. Vijana wangu wakaona wamepata dawa ya bure: wakawa wanaichota kutoka kwenye dumu la mashine na kujipaka ikiwa kali vilevile. Nikawakataza. Alkoholi isiyochanganywa na maji hukauka kabla ya kufanya kazi yake. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani kwa kitakasa cha isopropili ni asilimia 75, pamoja na gliserini kidogo ya kuilinda ngozi. Tena mkono wenye wino na mafuta hautakaswi na kitakasa cha aina yoyote, kwa hiyo ni sabuni na maji kwanza, hata kama ndoo inabidi ijazwe mara nne kwa siku. Kijana mmoja aliyekuwa akitoa wino kwa mafuta ya taa kisha anajipaka alkoholi juu yake alipasuka ngozi kwenye vifundo vya vidole hadi akashindwa kupanga karatasi. Na mtu akishajipaka, asubiri ikauke kabisa kabla ya kushika mashine ya laminesheni: alkoholi inawaka, na mkono mbichi huharibu kazi iliyochapwa kwa wino wa maji.

Karatasi zenyewe zisiwatie hofu kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwezi Machi ulikuta kwamba kirusi hiki hakikuonekana tena kwenye kadibodi baada ya saa 24, wakati kwenye plastiki na chuma cha pua kiliweza kukaa siku mbili hadi tatu. Kazi iliyolala usiku mmoja dukani hainipi wasiwasi. Wasiwasi wangu ni watu wanne kuzungumza ndani ya chumba kisicho na dirisha. Fungua mlango wa nyuma, kama upo.

Mzee wa Likoni

Salaam. Waliotangulia wamesema usiuze, nami naafiki, lakini mashine isiyouzwa na isiyofanya kazi nayo hufa. Riso ikilala wiki tatu, wino katika dramu (silinda ya wino) hujitenga na nakala za kwanza hutoka zimefifia. Iwashe kila baada ya siku mbili au tatu, uizungushe, utoe nakala ishirini kwenye karatasi mbovu. Printa ya rangi ndiyo inayodai zaidi, maana tundu za kichwa cha kurushia wino zikishaziba, gharama ya kichwa kipya inaweza kukaribia ile ya printa nzima. Huku pwani tuna adui mwingine, yaani unyevu: bunda lililofunguliwa na kuachwa juu ya meza hujikunja kingo, na mashine huvuta karatasi mbili mbili. Nakuru ni kukavu kuliko kwetu, lakini funga mabunda kwa plastiki hata hivyo. Ikiwa lazima uuze kitu, uza fotokopi moja kati ya zile mbili. Hakuna foleni ya kuhitaji mbili.

Nimeona baadhi ya maduka yakiwauzia wazazi vitabu vya mazoezi vilivyonakiliwa moja kwa moja kutoka vitabu vya wachapishaji. Bibie, hapo usiingie. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 haikusimamishwa na korona. Hata hivyo kazi yenyewe ni nzuri ikifanywa kwa halali: walimu wengi wa shule za kibinafsi hawalipwi tangu Machi, na wanaweza kuandika mazoezi yao wenyewe. Mwalimu aandike, wewe uchape, mgawane mauzo. Unayo tayari orodha ya walimu wa shule zote unazozihudumia, na hiyo ni mali kuliko mashine ya vinaili.

Mama Riso, Nakuru – 19 Julai 2020

Nawashukuru nyote. Mnunuzi nimemwambia arudi Januari.

Nilianza na vitabu vya kuandikisha wageni, kurasa 100 kila kimoja, na hesabu yangu ya kwanza ilikuwa na kosa: nilipanga safu ya joto la mwili iwe nyembamba, mlinzi wa kwanza aliyejaribu akaandika 36.4 na nukta ikaangukia kwenye mstari, ikasomeka 364. Nimeipanua, nikachapa nukta kabisa katikati ya kisanduku, na mlinzi ajaze tarakimu pembeni mwake. Vitabu 30 vimekwisha, vingi katika maduka ya karibu na stendi, na kanisa moja la Bahati limeagiza orodha za wiki nane.

Walimu watatu wamekubali kuandika mazoezi. Mmoja ni yule aliyekuwa akinigombeza kwa kuchelewesha mitihani ya Darasa la Nane. Tumepatana kuanza na Hisabati na Kiswahili. Kijana wangu mmoja amerudi kwa siku tatu za wiki, anapeleka kazi kwa bodaboda na kurudi kabla ya kafyu ya saa tatu.

Swali dogo kwa Kijana wa River Road: vitabu hivyo unavifunga kwa ringi au kwa pini na gundi? Walinzi wanaviweka juani siku nzima, na ringi zangu za plastiki zimeanza kupinda.

Kijana wa River Road, Nairobi

Pini mbili na utepe wa kitambaa mgongoni, dada, na jalada la kadi ngumu. Ringi ni za tasnifu.