Naomba ushauri: kuonyesha filamu bubu ya wazamiaji kwa Kiswahili

Ndugu wanachama, habari za wakati huu.

Kikundi chetu cha wapenda filamu hapa Tanga kinataka kuonyesha Submarine, filamu ya mwongozaji Frank Capra ya mwaka 1928. Mwigizaji Jack Holt anaigiza mzamiaji wa kina kirefu katika jeshi la wanamaji la Marekani. Ralph Graves anaigiza rafiki yake. Wanakosana kwa sababu ya mke wa Jack. Kisha nyambizi inazama, rafiki amenasa ndani na wenzake, hewa inakwisha, na mwenye uwezo wa kuwafikia ni Jack.

Filamu ina muziki na milio, mazungumzo hakuna. Maneno yameandikwa kwenye vibao vya Kiingereza vinavyotokea katikati ya picha, na wazee wetu hawavifuati. Tulijaribu kuweka tafsiri chini ya picha: watu wakasoma, nyuso wakazikosa, na filamu bubu bila nyuso ni nini? Tukajaribu msimulizi, mtindo wa vibanda vya video. Watu walicheka sana, lakini hanyamazi! Hata mabaharia wanapokosa pumzi, yeye anatania.

Maswali yangu ni mawili. Msimulizi asome vibao tu, au kuna namna ya kumwachia uhuru bila kuua sehemu za kimya? Pili, hakimiliki yake Marekani ilikwisha Januari 1, 2024. Je, hiyo inatosha kuionyesha ukumbini hapa Tanzania bila kiingilio, au bado tuombe kibali?

Natanguliza shukrani.