Naomba ushauri: mkoba wa skuli unamuumiza mwanangu mgongo

Assalamu alaykum ndugu zangu. Binti yangu wa miaka 9, tupo Wete, wiki ya pili hii analalamika mgongo. Juzi namvua sare, naona mikanda ya mkoba imemwachia alama nyekundu mabegani. Nikaupeleka dukani kwenye mizani: kilo 5! Mwenyewe ana kilo 24. Nijuavyo, mzigo usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto, basi huyu mwisho wake ni kilo 3 na nusu. Mikanda nimeikaza, vitabu vizito naviweka karibu na mgongo. Lakini skuli wanataka abebe vyote kila siku. Mwalimu nimwendee vipi tuelewane? Na hospitali nimpeleke sasa, au nimpunguzie mzigo kwanza nimtazame?