Watumishi wa Serikali Unguja na Pemba: ukibaguliwa kazini ulikwenda wapi? Tupeane uzoefu

Binti Konde
Assalaam alaykum. Nafungua uzi huu kwa sababu wenzetu wengi wanabaguliwa maofisini na muhali unawafunga mdomo. Bosi ni jirani, au mkewe ni shoga yako, basi unanyamaza.

Yangu ni haya. Nilirudi kutoka likizo ya uzazi nikakuta meza yangu kapewa mwengine na jina langu limetolewa kwenye orodha ya mafunzo. Mkuu wa kitengo akanambia mbele ya watu, "Wewe sasa una mtoto, waachie wenye nafasi." Nilikwenda kwa Afisa Utumishi, akanambia niandike. Nikaandika barua kwa mkuu wa taasisi kupitia kwa huyo huyo mkuu wa kitengo, maana ndio utaratibu, lakini nakala nyengine nikaipeleka mwenyewe masjala. Nilisimama pale dirishani mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe yake inasomeka. Walipokuja kusema hawajaona lalamiko lolote, niliitoa mkobani. Awamu iliyofuata jina langu lilikuwemo. Kuombwa radhi bado, na linaniuma mpaka leo.

Nyinyi mlipita wapi?

Mwalimu wa Micheweni
Mimi natembea kwa magongo. Kila mwaka nikipangiwa darasa la juu, na ngazi za skuli yetu hazina pa kushikia. Masika mvua inaingia, watoto wanapanda na tope, gongo halina pa kusimama. Nilipoomba darasa la chini niliambiwa kama siwezi kazi niombe kuondoka.

Nilianza kwa mwakilishi wa chama chetu cha walimu, akanipeleka Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Wengi tunadhani baraza lile ni la kugawa vigari na fimbo nyeupe tu. Sheria ya haki zetu ilitungwa mwanzo 2006, ya sasa ni ya 2022, na ajira imo. Afisa mmoja alikuja skuli, akapanda zile ngazi na mimi, polepole, mpaka juu. Hakusema mengi. Sasa nasomesha chini.

Mtu wa Wete, yupo mjini
Ofisini kwetu Unguja nafasi ya kukaimu ikitokea, mimi jina langu ni "yule Mpemba". Mara moja niliulizwa waziwazi nyumbani kwetu tunapigia kura chama gani. Barua ya ndani haikujibiwa, nikaenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ni chombo cha Muungano lakini kinafanya kazi Zanzibar pia, kina ofisi Unguja na Pemba, na hawatozi chochote. Wanachunguza, wanaita pande mbili, wanatoa mapendekezo. Hawakupi hukumu kama mahkama, na shauri likishafunguliwa mahkamani hawaligusi. Kwa hiyo fikiri kwanza unataka nini.

Faili langu bado liko kwao.

Mstaafu wa Utumishi
Wanangu, nimekaa na mafaili ya watumishi umri wangu wote, naomba mnisikilize.

Kijana wa Wete, ulilofanyiwa Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalikataza, kifungu cha 12. Pahala mtu alipotoka na maoni yake ya kisiasa vyote vimo. Sheria ya Ajira, Namba 11 ya 2005, nayo inakataza ubaguzi kazini. Ukiandika, vitaje.

Sisi wa wizarani, ukishamaliza kwa mkuu wa taasisi, mlango unaofuata ni Tume ya Utumishi Serikalini, chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma, Namba 2 ya 2011. Barua nyingi nilizoziona zikikwama zilikuwa zimejaa kilio: "nanyanyaswa, naonewa". Mwenye kuisoma hana pa kushika. Andika siku gani, nani alisema, maneno gani hasa, nani alikuwepo. Ukurasa mmoja unatosha.

Bandarini
Mzee, shikamoo. Ongezea na sisi wa taasisi za Muungano tulioko huku. Mimi nilikwenda hiyo Tume ya Utumishi Serikalini, ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, nikarudishwa kwa adabu, kwamba mwajiri wangu si wao.

Mstaafu wa Utumishi
Marahaba. Ndiyo, angalia barua yako ya ajira imetoka serikali gani. Wa Muungano mnafuata Sheria ya Utumishi wa Umma ya Muungano na Tume ya Utumishi wa Umma ya huko, isipokuwa vikosi kama polisi, ambavyo vina utaratibu wao.

Naomba nisitajwe
Na bosi akitaka mwili wako ndipo asaini fomu ya kupandishwa daraja? Limenikuta, na sijaweza kumwambia mtu.

Binti Konde
Mdogo wangu, pole sana. Hilo usilipeleke kwa mkuu wa kitengo. Hiyo ni rushwa ya ngono, ZAECA, mamlaka ya kupambana na rushwa Zanzibar, wanapokea taarifa zake, na polisi kuna dawati la jinsia. Usifute ujumbe wowote aliokutumia. Ukitaka mwanasheria wa kukaa nawe kabla hujaandika chochote, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wanatoa msaada bure, Unguja na Pemba. Nami niandikie pembeni, nitakusindikiza.