Maua ya bluu yanayopenda maji yananifia, naombeni ushauri

Bustani Mpya: Habari wakuu. Nipo Nyegezi, Mwanza, nina maua ya bluu yanayopenda unyevu balaa. Nilipoyaleta yalikuwa yamenona, sasa majani yanageuka njano, na hiki kichanga chetu hata umwagilie asubuhi na jioni maji hayakai. Niweke samadi au? Muda unanibana.

Mama Buswelu: Samadi iliyooza vizuri mdogo wangu, juu tandaza majani makavu. Mimi nina agapanthasi, bluu mpaka watu wanasimama getini, ila mbuzi wa jirani waliingia wakafyeka zote tukafikishana kwa mjumbe, mpaka leo hatusalimiani.

Sato Mbichi: Ua halina jina? Ulinunua wapi?

Bustani Mpya: Nilipata tu.

Sato Mbichi: Ulipata wapi? Petali ya juu ina doa la njano? Vikonyo vimevimba, ndani kama sponji?

Bustani Mpya: Eeh. Haya, niliyaopoa ufukweni Luchelele. Lakini nimeshachimba bwawa nikatandika turubai na mteja kashanipa advansi, kwa hiyo msiniambie niache.

Sato Mbichi: Mkuu hilo ni GUGUMAJI!! Asili yake Amerika Kusini, kwetu Ziwa Victoria lipo tangu mwishoni mwa miaka ya 80. Linakufa kwa sababu mizizi yake inataka kuning'inia majini, sasa ukilitia bwawani wiki mbili tu linaweza kuwa mara mbili, mbegu zinalala kwenye tope miaka na miaka, mvua ikifurika limerudi ziwani. Anika juani likauke kabisa. Weka yungiyungi la bluu, lile ni la kwetu: beseni la udongo mfinyanzi, lizamishe, jua la kutosha basi.

Mzee wa Mwaloni: Miaka ya 90 mitumbwi ilikuwa haipiti, mpaka wakaletwa fukusi wa kulitafuna. Leo mtu analiwekea samadi, dunia hii!

Mpenda Vijiwe: Hii chai. Mtu wa Nyegezi hajui gugumaji?

Bustani Mpya: Mimi wa Dodoma, nimehamia juzi. Na bwawa langu lina tuta, halifuriki.

Mpenda Vijiwe: Weka picha.

Bustani Mpya: Kamera ya simu imekufa.

Sato Mbichi: Huyo mteja anajua anauziwa nini?

Bustani Mpya: Nilimtumia picha akapenda mwenyewe.

Mpenda Vijiwe: 🤣🤣 kamera imefufuka

Mama Buswelu: Turubai ulichukua bei gani mdogo wangu?