Bola (mrushaji) wa kasi wa kriketi wa miaka 16, mnaona ni wa kufungua, yaani kurusha wa kwanza, ama?

MjombaNgara
Wadau habari zenu. Kuna mtoto wa dada yangu anachezea timu ya kriketi ya vijana huku Ngara, bola wa kasi, mrefu, mkono uko juu kabisa akiachilia mpira. Mpira ukiwa bado mpya unang'aa anaupindisha nje kwa mpigaji wa mkono wa kulia, tena unapinda kwa kuchelewa, yule jamaa ashajitolea kupiga ndio unatoka. Shida inaanza akifika ova (zamu ya mipira sita) ya nne ya tano hivi, kichwa kinaangukia kushoto, mpira unateleza upande wa miguu, waidi (mpira uliopita mbali na mpigaji) baada ya waidi. Kocha mmoja anasema huyu afungue, mwingine anasema hana aina ya pili ya mpira, afadhali awe spina, yule wa kurusha polepole akiuzungusha mpira. Mimi sielewi tumwelekeze wapi.

Wiketi_Parklands
Mjomba usikubali ageuzwe spina sasa hivi tafadhali. Kupindisha kwa kuchelewa ni kitu makocha wanatafuta miaka na hawapati, yeye anacho tayari! Hicho kichwa chukua simu urekodi, simama kando ya ile skrini nyeupe iliyo nyuma ya bola, ova ya kwanza na ya tano, halafu linganisha mguu wa mbele unavyotua. Kama ova ya kwanza mguu unaelekea kwa mpigaji na ya tano umegeuka na goti limelegea, basi ufundi uko sawa, ni mwili umechoka, hapo ni kukimbia na mazoezi ya tumbo na mapaja.

MamaWaBola
Na mgongo jamani. Umri huo mifupa ya mgongo haijakomaa, na mabola wa kasi vijana ndio wanapata zile nyufa chini ya mgongo, mara nyingi upande ulio kinyume na mkono wa kurusha. Shule anarusha, klabu anarusha, mazoezi ya neti anarusha, na hakuna anayejumlisha hizo ova zote. Akilalamika maumivu ya upande mmoja mpeleke daktari, msimkande tu na kumrudisha uwanjani.

KasaraniBoy
Mimi nasema afungue lakini msimfungie hapo. Collins Obuya wa timu ya Kenya mwaka wa 2003 alikuwa spina, akachukua wiketi 5 (akatoa wapigaji 5) kwa mbio 24 dhidi ya Sri Lanka hapa hapa Nairobi uwanja wa Gymkhana, na 2011 kwa Kombe la Dunia alifunga mbio 98 bila kutolewa dhidi ya Australia kama mpigaji. Kwa sasa tatizo ni zile mechi za ova 20, bola ana ova 4 tu, kapteni akimpa 2 za mwanzo anataka zile 2 za mwisho ziwe na yoka (mpira unaodunda miguuni pa mpigaji) na mpira wa polepole. Bila hizo atatumika mwanzo tu. Aanze na wa polepole, mkono ukimbie vile vile, abadilishe mshiko peke yake. Halafu mjomba, mpigaji wa mkono wa kushoto akiingia inakuwaje?

MjombaNgara
Hapo ndio anapigwa sana, mpira unamwingilia yule jamaa kwa pedi anausukuma upande wa miguu tu anapata mbio nne.

KasaraniBoy
Basi abaki upande ule ule wa wiketi, aanzishe mpira nje ya stampu (vile vijiti vitatu) ya upande ulio mbali na miguu ya mpigaji, ukipinda ndani uende kwa stampu ya katikati. Ajaribu neti wiki hii na mpigaji wa kushoto amesimama pale, sio stampu tupu. Video ukipata weka hapa tuione.