Maboksi ya Android ya "8K" yanayouzwa Kariakoo ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu, nina hasira na sifichi. Unatoa laki moja na ishirini, unapewa boksi la kuchomeka kwenye TV ili uangalie vitu vya intaneti, limeandikwa 8K (yaani picha kali kupita hata 4K), RAM GB 4, nafasi GB 64. Unafika nyumbani, unafungua Netflix, picha ina ukungu kama unatazama kupitia chandarua.

Dukani wanajua wanachofanya. Wanakujaribishia YouTube! Rangi zinawaka, unalipa. YouTube inang'aa hata kwenye boksi bovu, ila Netflix inakagua kwanza kifaa kina kiwango gani cha Widevine, ule mfumo wa Google wa kuzuia muvi zisiibiwe. Kikiwa L1, na Netflix wenyewe wamekiidhinisha, unapata HD mpaka 4K. Kikiwa L3 unaishia 480p, picha hafifu, hata ulipie kifurushi cha juu kabisa na TV yako iwe inchi 65. Hili langu ni L3. Tena Netflix waliyoweka ni ile ya simu, haisikii vitufe vya rimoti, inabidi uwashe mausi uanze kukokota mshale kwenye kioo. Mama yangu mtu mzima ndiye akokote mshale ili aangalie tamthilia yake?

Hiyo GB 64 sasa. Nimehamishia muvi kutoka kwenye flashi, hata GB 6 hazijafika linasema limejaa. Ukiingia kwenye mipangilio bado linakuandikia 64. Yaani kuna mtu alikaa chini akatengeneza uongo huo makusudi. Muvi nyingine za faili la MKV picha inakwenda, sauti hakuna, kwa sababu sauti yake ni ya aina ya DTS na pleya iliyokuja na boksi haiisomi. Hilo wekeni pleya ya VLC, litaisha. La GB halina dawa.

Na kuna baya zaidi. Januari 2023 Daniel Milisic, mtaalamu wa kompyuta wa Kanada, alieleza jinsi boksi lake la T95 lilivyokuja na kirusi ndani likiwa jipya. Juni 2025 FBI wakaonya kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa wahalifu unaotumia vifaa vya namna hii vyenye virusi, na Julai Google wakafungua kesi New York wakisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa. Vikishaambukizwa, watu wasiojulikana wanapitishia mambo yao kwenye intaneti ya nyumbani kwako. Bando unalipa wewe.

Nimerudi dukani. "Bosi, mbona YouTube inacheza?" Halafu kidole kwenye kibao: mali ikishauzwa hairudishwi.

Anayetaka kununua, nenda na akaunti yako ya Netflix uifungue palepale. Weka programu ya DRM Info uone kama ni L1. Fungua Play Store, mipangilio, Kuhusu, uone kama kifaa kimeidhinishwa na Google. Muuzaji akikataa, ondoka. Mimi ningechukua Xiaomi TV Box S au Fire TV Stick 4K. Hayana mbwembwe za 8K lakini Netflix inakubali. Mwenye diski iliyojaa muvi nzito atafute Nvidia Shield TV Pro, ingawa bei yake inauma.

Kama unajua duka Dar linaloruhusu kujaribu Netflix kabla ya kulipa, weka mtaa na bei hapa. Risiti ninayo, boksi ninalo, Jumatatu naenda navyo FCC, Tume ya Ushindani, maana bidhaa bandia ni kazi yao. Mwenye boksi kama langu aje tuongozane.